Sura ya Saba: Printa Isiyokuwepo

Katika kampuni za biashara ya jumla za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, oda ya ununuzi ilizunguka ofisi nzima kabla ya kutoka nje ya jengo. Karani aliiingiza kwenye skrini nyeusi yenye herufi za kijani. Kompyuta ya kampuni ikaikagua, ikaipa namba, ikaikata kwenye bajeti ya idara, kisha ikaichapa kwenye printa iliyokuwa ikinguruma chumba cha nyuma. Karani akaifuata karatasi, akaichana kingo zake zenye matundu, akaenda nayo hadi kwenye mashine ya faksi, akakuta wenzake wamepanga foleni, akasubiri. Zamu yake ilipofika, alibonyeza kwa kidole namba ya simu ya msambazaji, namba ileile ambayo kompyuta ilikuwa nayo tangu mwanzo. Akikosea tarakimu moja, bei za kampuni zilitokezea mezani kwa mtu asiyehusika.

Ukilitazama jambo hili kwa jicho la fundi, linachekesha. Oda ilikuwa tayari ni namba ndani ya kompyuta. Ikageuzwa wino. Kisha mashine ya faksi ikaukagua ule wino nukta kwa nukta na kuurudisha kuwa namba, ili ziweze kupita kwenye waya wa simu. Karatasi iliyokuwa katikati haikuongeza kitu zaidi ya msongamano na herufi zilizofifia. Watu wengi waliliona hilo kwa wakati mmoja, na namna walivyoiondoa karatasi ile inafundisha mengi kuhusu jinsi mashine za vizazi viwili zinavyolazimishwa kuelewana.

Mashine iliyokaa chumba cha nyuma mara nyingi ilikuwa AS/400. IBM iliitangaza tarehe 21 Juni 1988, na ilibuniwa Rochester, mji wa Minnesota ulio mbali na makao makuu ya kampuni hiyo kule New York, kwa maili na kwa tabia pia. Wahandisi waliuita mradi wao Silverlake, jina la ziwa lililomo mjini humo. Haikuwa kompyuta ya kujaza ukumbi, wala haikuwa ya mezani. Ilikuwa ya daraja la kati, saizi ya kampuni yenye maghala machache na wahasibu wengi. Iliwarithi wateja wa mashine mbili zilizoitangulia, System/36 na System/38, na kutoka kwa hiyo ya pili ilirithi wazo la Frank Soltis na wenzake la kuitenga programu na chuma kilicho chini yake. Ndiyo sababu mwaka 1995, IBM ilipong'oa prosesa za zamani na kuweka za biti 64, wateja wengi walihama na programu zao bila kuziandika upya. Hifadhidata ilikuwa ndani ya mfumo endeshi wenyewe, hakuna aliyeinunua kando. Programu za kibenki kama Midas na Equation ziliendeshwa juu ya mashine hii, na zikaipeleka katika mabenki ya mabara mengine.

Kwa kazi ya kutunza vitabu vya kampuni, sijui mashine ya wakati ule iliyoishinda kwa utulivu. Lakini haikuzaliwa na uwezo wa kupiga simu na kutuma picha ya ukurasa. IBM iliuza programu ya kazi hiyo, Facsimile Support/400, na wauzaji wengine walikuwa na zao, pamoja na vifaa vya kuchomeka. Kampuni zenye fedha zilinunua. Zisizokuwa nazo zilitazama kwenye meza za makarani, ambako kompyuta ndogo za Windows zilikuwa zimeanza kuzoeleka, na ndani yake mkakaa modemu ya faksi na programu ya WinFax.

WinFax ilitengenezwa na Delrina, kampuni ya Toronto iliyokuja kununuliwa na Symantec mwaka 1995. Toleo lake dogo lilifungashwa pamoja na modemu za chapa nyingi, kwa hiyo watu walijikuta wanalo bila kulitafuta. Werevu wake ulikuwa mahali pamoja: ilijitambulisha kwa Windows kama printa. Ukiandika barua katika programu yoyote, ukabonyeza kuchapa, ukachagua printa yenye jina la WinFax, ukurasa ulichorwa ndani ya kompyuta na kutumwa kwa simu. Programu iliyoandika barua haikujua kitu. Ilidhani imechapa.

Hapo ndipo ulimwengu wa Rochester na ulimwengu wa mezani ulipokutana. Mashine hizi mbili hazikuwa na lugha moja, wala mpangilio mmoja wa herufi, wala mtazamo mmoja kuhusu faili ni kitu gani. Kuchapa, hata hivyo, zote zilijua. Kila programu ya biashara iliyowahi kuandikwa ina njia ya kutoa karatasi, kwa kuwa mhasibu hamwamini mtu wala kitu kisichotoa karatasi. Fundi aliyetaka kuunganisha AS/400 na faksi hakuhitaji kuigusa programu ya ununuzi, ambayo pengine mwandishi wake alikuwa amekwisha kustaafu. Alihitaji tu kuiwekea printa isiyokuwepo.

AS/400 iliifanya kazi hii iwe nyepesi kuliko wengi walivyotarajia. Mashine ile haikupeleka maandishi moja kwa moja kwenye printa. Programu ilipochapa, ukurasa uliandikwa kwanza kwenye faili la spuli, na faili hilo likakaa kwenye foleni ya kuchapia likingoja printa iwe tayari. Foleni hizo ungeweza kuunda nyingi upendavyo, na hakuna sheria iliyodai kila moja iwe na printa mwishoni. Faili lenyewe lilibeba maelezo yake: nani amelichapa, kazi gani imelizaa, aina ya karatasi, nakala ngapi, na nafasi ya herufi kumi ambayo mwandishi wa programu aliruhusiwa kujaza atakacho. Amri moja, OVRPRTF, ilitosha kuichepusha oda kutoka printa ya ghalani kwenda foleni mpya iitwayo, tuseme, FAKSI. Mtumiaji alibonyeza kitufe kilekile cha jana.

Sasa ikabaki kulitoa faili kwenye foleni na kulifikisha mezani.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mkato. Programu ya Client Access, ambayo IBM iliitoa ili kompyuta ndogo ziigize skrini ya kijani, iliweza pia kuigiza printa. AS/400 iliiona kompyuta ya karani kama printa mojawapo, ikaimwagia kurasa, nayo kompyuta ikazipitisha kwa printa ya Windows iliyochaguliwa. Ukichagua WinFax, umemaliza. Umemaliza, isipokuwa dirisha linajitokeza kwenye skrini likiuliza: unamtumia nani, na namba yake ya simu ni ipi? Kwa oda tatu kwa siku halikuwa tatizo. Kwa oda mia mbili, karani aliyeokolewa kwenye foleni ya mashine ya faksi alikuwa sasa amefungwa kitini akijibu dirisha. WinFax ilikubali kupokea namba kutoka kwa programu nyingine ya Windows iliyo wazi kwenye kompyuta hiyohiyo, na waliojua kuandika hati fupi za maagizo waliitumia nafasi hiyo. Ila swali lilikuwa palepale: programu hiyo nyingine itaipata wapi namba?

Jibu lililoshinda lilikuwa kuiweka namba ndani ya ukurasa wenyewe. Mwandishi wa programu ya oda aliongeza mstari mmoja juu ya kila hati, wenye alama maalumu, jina la mpokeaji na namba yake ya faksi. Programu ya faksi ikausoma mstari huo, ikaufuta, ikatuma kilichobaki. Seva kubwa za faksi, kama RightFax ya kule Tucson, Arizona, zilijengwa juu ya desturi hii. Mimi naiona kuwa suluhisho zuri kuliko yote ya zama zile, kwa sababu anwani inasafiri pamoja na mzigo na haviwezi kupotezana njiani. Lakini ina mtego. Faili moja la spuli huweza kuwa na ankara sitini za wateja sitini, na alama ndiyo inayoiambia programu kwamba mteja mmoja ameisha na mwingine ameanza. Ikikosekana alama moja, tuseme kwa sababu mteja fulani hana namba ya faksi kwenye kumbukumbu na programu ikaruka mstari, ankara yake haipotei. Inaunganishwa kimyakimya na ya mteja aliyetangulia. Huyo anapokea bei za mshindani wake. Fundi makini aliandika alama hata pale namba ilipokosekana, kisha akazipeleka hati hizo kwa mtu wa kuzishughulikia.

Waliokatazwa kugusa programu ya oda walifanya kinyume: waliiacha hati kama ilivyo na kuiambia programu ya faksi isome namba mahali palepale kila mara, labda mstari wa saba kuanzia safu ya hamsini na mbili. Ilifanya kazi hadi siku mtu wa masoko alipotaka kuongeza tovuti ya kampuni chini ya anwani. Mstari wa saba ukawa wa nane.

Mitandao ya TCP/IP ilipoenea, njia safi zaidi ikafunguka. Itifaki ya kuchapa iliyotoka ulimwengu wa Unix na kuandikwa rasmi mwaka 1990 iliziruhusu kompyuta kupelekeana kazi za printa kupitia lango namba 515. AS/400 ilijua kuitumia. Amri ya STRRMTWTR ilisimamisha mchapishaji wa mbali aliyevuta kila faili lililotua kwenye foleni na kulituma kwa anwani ya mtandao. Upande wa pili, kompyuta ya Windows yenye programu ya faksi ilisikiliza lango lilelile ikijifanya printa. Hapakuwa tena na skrini ya kijani iliyopaswa kuachwa wazi usiku kucha, wala karani wa kuikumbuka.

Wengine walipitia kwenye folda. Faili la spuli lilinakiliwa kuwa maandishi ya kawaida, likawekwa mahali ambapo kompyuta ya mezani ingeweza kuona, nayo ikawa inachungulia kila baada ya sekunde kadhaa kama kuna kipya. Hii ndiyo njia iliyozaa malalamiko mengi ya oda nusunusu. Kompyuta ndogo ina haraka. Inaona faili limetokea, inalichukua na kulituma, kumbe mwenzake bado anaandika ukurasa wa pili. Dawa yake mafundi waliijua na bado wanaitumia: andika faili kwa jina la muda, ukimaliza ndipo ulibadilishe jina kuwa lile linalosubiriwa. Kubadilisha jina hutokea kwa mara moja, hakuna nusu yake.

Na wapo waliokataa kuchungulia kabisa. AS/400 ina kitu kinachoitwa foleni ya data, ambako programu moja huacha ujumbe mfupi na nyingine husubiri ikiwa imelala mpaka ujumbe ufike. Foleni ya kuchapia inaweza kufungwa kamba na foleni ya data: kila faili linapokuwa tayari, mfumo wenyewe hudondosha ujumbe wa baiti 128 wenye jina la faili, namba yake na kazi iliyolizaa. Programu ya faksi inaamka, inachukua, inaendelea. Ni kipengele kidogo ambacho watumiaji wengi wa mashine hiyo hawakuwahi kukisikia, na bila hicho mifumo mingi ya faksi ingeishi kwa kuchungulia.

Tuje kwenye herufi, maana hapa ndipo fedha zilipopotea. Kompyuta za mezani zilitumia mpangilio wa ASCII, ambamo herufi A ni namba 65. IBM ilikuwa na mpangilio wake wa tangu enzi za kadi za kutoboa, EBCDIC, ambamo A ni 193, na alfabeti haifuatani bila mapengo: baada ya I kuna nafasi kabla ya J, na baada ya R kuna nyingine kabla ya S. Kutafsiri kati ya mipangilio miwili ni kazi ya jedwali tu, na jedwali lilikuwapo. Shida ni kwamba EBCDIC haikuwa moja. Kila nchi ilikuwa na ukurasa wake wa herufi. Katika ule wa Marekani, namba 91 ni alama ya dola. Katika ule wa Uingereza, namba hiyohiyo 91 ni alama ya pauni. Kampuni ya Kiingereza iliyofunga programu ya faksi iliyotengenezwa Marekani, ikaacha jedwali lilivyokuja, ilijikuta ikiwatumia wateja ankara ambazo tarakimu zote ni sahihi, hesabu inajumlisha vizuri, na sarafu si yenyewe. Kosa la namna hii halionekani kwenye jaribio, kwa kuwa anayejaribu hutazama kama ukurasa umefika, na ukurasa umefika.

Baada ya herufi kutafsiriwa, hazitumwi kama herufi. Faksi haijui A wala B. Inajua nukta nyeusi na nukta nyeupe. Kiwango kilichoiwezesha faksi ya Tokyo kuzungumza na ya Nairobi, kile kinachoitwa Kundi la Tatu, kilipitishwa mwaka 1980, na kinagawa upana wa ukurasa katika nukta 1,728. Kwenda chini, ukali wa kawaida ni mistari 3.85 kwa kila milimita. Piga hesabu ya karatasi ya A4: mistari 1,143, nukta karibu milioni mbili. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ukurasa usiobanwa ungechukua karibu dakika tatu na nusu. Kinachouokoa ni weupe. Sehemu kubwa ya ukurasa wa maandishi haina wino, na badala ya kutuma nukta nyeupe mia nne moja moja, mashine hutuma msimbo mfupi unaosema hapa pana nyeupe mia nne. Barua ya kawaida hupita chini ya dakika moja.

Weupe huo ndio wabunifu wa hati walioutumia vibaya. Kampuni ikishaona kwamba ankara zinatoka bila karatasi ya kichwa iliyochapwa, hutaka nembo. Kisha mstari wa kivuli chini ya jumla. Kisha fremu ya vijivu. Kijivu kwenye faksi ni vumbi la nukta nyeusi na nyeupe zinazopishana, na vumbi halibaniki. Ukurasa uliokuwa wa sekunde arobaini unakuwa wa dakika kadhaa, laini ya simu inashikwa, foleni inarefuka. Niliowahi kuwasikia wakiendesha seva hizi wote walikuwa na neno moja kwa idara ya masoko, na halichapiki.

Ripoti za AS/400 zilileta taabu nyingine. Zilipangwa kwa karatasi pana ya safu 132. Zibane safu hizo kwenye nukta 1,728 za A4 na kila herufi inapata nukta 13 kwa upana, ambazo si haba. Lakini ukiupunguza ukurasa mpana kwa upana, unaupunguza na kwa kimo, na kwa ukali wa kawaida kila herufi inabaki na mistari michache mno ya kusimamia. Hapo 3 na 8 zinaanza kufanana, na 6 inazifuata. Ukali wa juu huongeza mistari mara mbili na muda wa simu pia. Aliyeweka ukali wa kawaida ili kuokoa gharama ya simu alikuwa anaokoa senti kwa oda ambayo ndani yake katoni 30 zingeweza kusomwa 80.

Kisha simu inapigwa. Modemu inayopiga hutoa mlio wa hezi 1,100 kwa nusu sekunde, inanyamaza sekunde tatu, inatoa tena. Ndio ule mlio uliomkera kila aliyewahi kupokea simu ya faksi nyumbani. Inayopokea hujibu kwa mlio wa hezi 2,100, kisha inataja uwezo wake: kasi, upana wa karatasi, ukali. Mpigaji anachagua, anatuma mfululizo wa sifuri kwa sekunde moja na nusu kuijaribu laini. Zikifika salama, mpokeaji anaridhia. Zikiharibika, wanashuka kasi, kutoka 14,400 hadi 9,600, na ikibidi hadi 2,400. Ukurasa unapita. Mpokeaji anathibitisha. Wanaagana. Yote haya kompyuta ya mezani iliyafanya yenyewe, pamoja na kuandika juu ya ukurasa ule mstari mdogo wa tarehe, saa na jina la mtumaji ambao sheria ya Marekani ya mwaka 1991 iliudai. Saa iliyoandikwa ilikuwa ya kompyuta ya mezani, si ya AS/400. Betri ya saa ya kompyuta hiyo ikifa, oda za leo zilitoka na tarehe ya miaka iliyopita, na mwanasheria wa msambazaji hakuona sababu ya kukuamini wewe badala ya karatasi.

Mpaka hapa tumezungumzia kwenda. Kwenda ndiko kulikouzwa kwenye vipeperushi, na kwa kweli fundi mzuri aliweza kukufikisha huko kwa wiki chache. Kurudi ndiko kulikotenganisha mfumo wa kazi na mchezo wa kuigiza.

Fikiria AS/400 inachojua. Faili lilikuwa kwenye foleni, mchapishaji wa mbali akalichukua, kompyuta ya mezani ikalipokea, faili likaondoka kwenye foleni. Kwa mashine ya Rochester, oda imechapwa. Imeona sawa, kwa kuwa printa halisi ikipokea ukurasa, ukurasa unatoka. Lakini printa hii haikuwepo. Nyuma yake kuna foleni nyingine, ndani ya kompyuta ndogo, na nyuma ya hiyo kuna laini ya simu iliyoshikwa, msambazaji aliyeishiwa karatasi, mlinzi wa usiku anayeinua simu na kusema haloo kwa modemu. Oda inaweza kukaa humo siku mbili huku skrini ya kijani ikiapa kwamba imekwenda, kama mtu aliyetumbukiza barua sandukuni akasema imefika. Mkuu wa ununuzi anampigia msambazaji kumfokea. Msambazaji hajaona kitu. Wote wawili wanasema kweli.

Mfumo uliofungwa vizuri ulirudisha habari nyumbani. Kila oda ilipewa namba yake ya utambulisho iliyosafiri ndani ya ule mstari wa alama. Simu ikiisha, kwa heri au kwa shari, programu ya faksi iliandika matokeo moja kwa moja kwenye jedwali la hifadhidata ya AS/400, kwa kupitia ODBC, daraja ambalo Microsoft ilikuwa imelitoa mwaka 1992 na ambalo Client Access ilikuja nalo. Imefika saa ngapi, kurasa ngapi, au imeshindikana kwa nini: laini ina kazi, hakuna jibu, amejibu mtu, imekatika ukurasa wa pili. Programu ya usiku ikayasoma na kuibadilisha hali ya oda. Karani aliyefungua skrini asubuhi aliona ukweli bila kuuliza idara ya kompyuta. Kazi hiyo ya kurudisha mara nyingi ilikuwa mistari mingi ya programu kuliko ya kupeleka, na ndiyo iliyokatwa kwanza bajeti ilipobana. Walioikata walirudi baadaye kuilipia kwa bei ya juu zaidi, kwa saa za watu waliokuwa wakipiga simu kuuliza kama faksi zimefika.

Hata uthibitisho wenyewe una mipaka ambayo wengi hawakuisoma. Mashine ya upande wa pili ikisema imepokea, imesema hivyo tu. Haijasema ukurasa umetoka, kwa kuwa mashine nyingi zilihifadhi kurasa kwenye kumbukumbu karatasi ilipoisha. Haijasema aliyeichukua ni mhusika. Na namba ikiwa si sahihi lakini ina mashine ya faksi, jibu litakuwa zuri lilelile.

Namba za simu nazo hazikai kimya. London iliacha msimbo wa 01 mwezi Mei 1990 na kugawanywa kuwa 071 na 081. Aprili 1995 zikawa 0171 na 0181. Aprili 2000 zote zikawa 020. Dar es Salaam tuliijua kwa 051 kabla haijawa 022. Mwanadamu akipiga namba ya zamani husikia sauti ikimwambia imebadilika. Modemu husikia mtu anaongea, hukata, na hujaribu tena. Kampuni zilizohifadhi namba katika jedwali moja la AS/400, safi, pamoja na msimbo wa nchi, zilibadilisha kwa programu ya mchana mmoja. Zilizohifadhi namba kama zinavyobonyezwa, zikianza na 9 ya kutokea nje ya ofisi na 011 ya kimataifa, mabano na vistari mahali popote karani alipopenda, zilitafuta kibarua wa kusafisha maelfu ya kumbukumbu kwa mkono. Zilipohama jengo na kupata mtambo wa simu usiotaka 9, zilimtafuta tena.

Faksi haikufa kwa ratiba iliyotabiriwa. Julai 2018 chuo cha madaktari wapasuaji cha Uingereza kilitangaza kwamba hospitali za umma za England bado zilikuwa na mashine karibu 9,000. Desemba mwaka huo serikali ikapiga marufuku kununua mpya kuanzia Januari 2019, na kutaka zilizopo ziondoke ifikapo tarehe 31 Machi 2020. Nchini Marekani hospitali na kampuni za bima bado zinatumiana kurasa nyingi kwa njia hii. Waya wa shaba unaong'olewa unaacha faksi ipite kwenye intaneti kwa kiwango kiitwacho T.38, na hupita kwa kusitasita. WinFax yenyewe ilisimamishwa mwaka 2006. AS/400 imebadilishiwa jina mara kadhaa. Tangu 2008 mfumo wake endeshi unaitwa IBM i, unauzwa hadi leo, na foleni zake za kuchapia zinafanya kazi vilevile. Mahali palipokuwa na modemu leo pana programu inayotuma barua pepe yenye PDF. Foleni ni ileile, na mara nyingi hata mstari wa alama juu ya ukurasa ni uleule.

Kwa hiyo, msomaji, ikitokea umeajiriwa mahali penye mashine ya ukoo huu, na pembeni ukakuta kompyuta ya mezani yenye vumbi ambayo hakuna anayeikumbuka, usiizime kwa sababu tu imekaa kimya. Ingia kwanza kwenye foleni za kuchapia, tazama ni programu gani bado inapeleka hati huko na zinaishia wapi. Kisha chukua simu, umpigie mpokeaji mmoja, umuulize kama karatasi zinamfikia.